Mkanda wa Bwana Kifua

Mkanda wa kunyanyulia vyuma aliuvalia mlangoni, kabla hata hajasalimia mtu. Aliendesha nao baiskeli isiyokwenda popote, akanywa nao maji, akajitazama nao kwenye kioo. Pale kwenye jimu walimwita Bwana Kifua, naye jina lilimkolea kama sukari kwenye chai.

"Unaogopa suruali itadondoka?" dada yake alimuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa jimu.

"Dada, huu unalinda mgongo."

"Ungekuwa unalinda, usingeteguka ukiwa umeuvaa."

Watu wakaangua kicheko. Ni kweli. Mwezi uliopita Bwana Kifua alilazwa chali kama mende, mtoto wake mchanga akilia abebwe, na baba mtu anampungia mkono tu. Mkewe alimnong'oneza mwalimu: "Wifi, akiumia tena nitalea wangapi?" Na leo kulikuwa na mchujo. Atakayenyanyua chuma kizito kuliko wote ndiye atakayeiwakilisha jimu kwenye mashindano, na Bwana Kifua alishaapa hatakosa. Mwalimu alicheka na wenzake, lakini kicheko hakikushuka chini ya koo.

"Vua," alisema, akimwonyesha chuma chepesi cha kupasha mwili. "Nyanyua hicho."

"Hivi hivi tu?"

"Hata mgeni wa juzi anakinyanyua huku anapiga soga."

Akauvua kama anayevuliwa nguo mbele ya wakwe. Akainama, akavuta pumzi. Kifua kikapanda, tumbo likanywea hadi mbavu zikahesabika.

"Weka chini! Hiyo pumzi umeipeleka wapi? Unapigwa picha?"

"Si ndiyo kujikaza?"

Hapo mwalimu akaelewa. Kumbe siku zote mjinga huyu alinyonya tumbo ndani, akaufunga mkanda tundu la mwisho ili kiuno kionekane chembamba!

"Mkanda ni ukuta," alisema. "Tumbo lijae hewa, liusukume. Wewe umelificha tumbo. Ukuta usukumwe na nini, na kifua?" Akambana ubavuni kwa vidole. "Nisukume."

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, vidole vikarudi nyuma. Chuma chepesi kikapanda kama kikapu kitupu. Wakaongeza uzito.

"Nivae sasa?"

"Bado."

Wakaongeza tena, mpaka akatoka jasho la kweli.

"Sasa vaa. Huu ndio uzito wa kuvalia mkanda. Ila legeza matundu mawili."

Akalegeza, akajaza hewa. Tumbo likachomoza juu ya ngozi ya mkanda.

"Bwana Kitambi!" mtu akapaza sauti nyuma, na ukumbi ukalipuka.

Masikio yakamwiva. Vidole vikarudi kwenye bizimu ya mkanda, vikashika ncha yake, tayari kuivuta. Mwalimu alikuwa na matusi ya kutosha mdomoni, lakini hakuyatoa. Mgongo ni wake, na aibu ni yake.

Vidole vikaachia.

Chuma cha mchujo kikang'oka sakafuni polepole, kikapita magoti, na Bwana Kifua akasimama wima, tumbo mbele kama gunia.

Lakini mchomeleaji mmoja mkimya akanyanyua kizito zaidi, akachaguliwa yeye.

"Ningekaza ningemshinda," Bwana Kifua alinung'unika, akizunguka ukumbi kwa madaha.

"Ungekaza ungebebwa kwa machela. Na mbona bado umeuvaa? Unanyanyua nini sasa, maneno?"

Akatazama kiunoni, akatazama wenzake, kisha akaufungua mwenyewe.