Kilomita za Mama Clotilde

Mama mwenye mtoto anayekimbia, soma hii kwanza, ndipo uingie dukani. Clotilde wa Likasi hakupata wa kumwambia. Alimpenda binti yake kupita kiasi, na kupenda hakukumsaidia kitu kwenye kuchagua saa.

Binti yake ni Hadassa, miaka kumi na tisa, miguu mirefu, maneno machache. Alikuwa ameingia kwenye kikundi cha mchezo mmoja wenye adhabu tatu: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, yote siku moja, na hakuna anayekufukuza. Kocha wao, Germain, alisema mwisho wa mwezi angechagua wawili wa kwenda kushindana Lubumbashi. Alisema pia kila mmoja atafute saa ya mkononi inayopima umbali kwa satelaiti, maana yeye hana watu wa kusimamisha barabarani. Hadassa aliitaka nafasi ile mpaka akaifungia saumu na kuiombea. Clotilde naye alitaka aipate, ila alitaka zaidi arudi nyumbani mzima, kwa sababu kuogelea kwenyewe kulikuwa ziwani Tshangalele.

Kwa hiyo walipofika kwa Hilaire, muuza simu na saa karibu na soko, swali la kwanza la Clotilde lilikuwa kama saa zake zinaonyesha mamba.

"Inaonyesha mapigo ya moyo, mama," Hilaire akajibu.

"Ya mamba?"

"Ya mwenye kuivaa."

"Hiyo najua bila montre yako. Mutoto akiona mamba, moyo itapiga."

Hilaire aliweka saa mbili mezani. Moja nyeusi, haina mapambo, uso wake mkavu kama wa karani. Ya pili ilikuwa na mkanda wa waridi, na ukiiwasha inatoa maua. Bei zilikaribiana. Hilaire alishauri nyeusi: inashika satelaiti vizuri, inatoka majini ikaingia kwenye baiskeli na mbio bila kuchanganyikiwa, na betri yake haikuachi njiani. Hadassa alikuwa ameshaifunga mkononi.

Hapo ndipo Clotilde alipoanza kushuku. Mume wake, Banza, ni mchimbaji wa mawe ya shaba, na nyumbani kwao wanazijua mashine. Unafikisha mzigo depo, mnunuzi anatoa mashine yake ya kupima, mashine inasema jiwe lako ni maskini. Unaenda depo ya pili, jiwe lilelile limetajirika. Kwa miaka ishirini Clotilde alikuwa amejifunza mambo mawili: mashine ambayo mwenye duka anakusukumia ni ndugu yake, na mashine nzuri ni ile inayotoa namba kubwa.

Alisema watazipima. Alianza kwa kuzizamisha zote mbili kwenye ndoo ya maji, Hilaire akatazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Zilitoka nzima. Kisha akasema twende barabara ya Kapolowe, kwenye mawe ya kilomita. Hilaire hakutaka saa zake zisafiri bila yeye, akafunga duka akafuata, na viatu vyake vya ncha kali.

Clotilde alivaa ya waridi. Hilaire alivaa nyeusi, akatia mkono mfukoni. Njia nzima Clotilde alisimulia habari za mamba, na hakuna anayeweza kusimulia mamba mikono ikining'inia tu: alionyesha urefu wa mkia, upana wa mdomo, jinsi huyo mamba alivyomfuata mjomba wake, jinsi mjomba alivyomkwepa. Walipomaliza kilomita ya tatu, nyeusi ilisema tatu. Ya waridi ilisema nne kasoro kidogo.

"Mama, ya nyeusi njo inapatana na mawe," Hadassa akasema.

"Na mawe, nani alipima? Bazungu benye balikuwa banalipa bantu ba kulima barabara ku kilometre. Unazania balipima na huruma?"

Hilaire aligeuka. Akaangalia viatu vyake, urefu wa njia ya kurudi, akaanza kutembea.

Walinunua ya waridi. Jioni ile Clotilde aliivaa akatwanga sombe, majani ya muhogo. Hajamaliza, saa ikatetemeka, ikarusha maua, ikaandika Bravo. Kilomita moja. Alimwita Banza aje kuona. Banza alitazama, akasema lakini ulikuwa umesimama. Clotilde alimjibu kwamba hiyo ndiyo saa yenye macho, inaona kazi ambayo wengine hawaioni. Banza, aliyekula sombe ile miaka ishirini bila kusema bravo hata moja, alirudi kwenye kiti chake.

Mazoezi yalienda kwa furaha. Kilomita za Hadassa zilimalizika haraka hata majirani wakaja kuangalia. Kwenye baiskeli tu ndipo saa ilikuwa na shida: Hadassa alienda kilomita nyingi hadi karibu na Koni akarudi, saa ikasema mita mia nne. Clotilde alifafanua kwamba kwenye baiskeli mtu amekaa, na saa ya haki hailipi mtu aliyekaa. Hadassa aliendelea kuivaa. Na yeye ile namba kubwa ya mbio ilikuwa imeanza kumkolea mdomoni.

Siku ya kuchaguliwa, Clotilde alisimama ndani ya ziwa hadi magotini, akiliita jina la Yesu kwa sauti, mpaka mvuvi mmoja akamwomba awahurumie samaki. Hadassa alitoka majini wa nne, bila kuguswa na kitu. Baiskeli akamaliza wa tatu. Zikabaki mbio, kilomita kumi: tano za kwenda, ukisikia saa yako imelia tano unageuka, tano za kurudi.

Hadassa alirudi wa kwanza, peke yake, nyuma yake barabara tupu. Clotilde akapiga vigelegele. Vilikuwa bado mdomoni wakati Bibiane, wa pili, alipofika na kusema kabla hata ya kuvuta pumzi:

"Huyu aligeukia ku jiwe ya ine, ya tano hakufika. Ni mwizi."

Waliofuata walisema hivyohivyo. Hadassa alionyesha saa yake: kumi. Nao walionyesha za kwao: kumi. Germain alifunga daftari, akasema kwa sauti ya chini kwamba anayedanganya kwake hatoki mara hii tu, anatoka kabisa. Hadassa hakulia. Alimtazama mama yake.

Clotilde akakumbuka sombe, akakumbuka mamba. Alimvua binti saa, akaivaa, akamwomba yule mvuvi kasia lake. Kisha, mbele ya wanariadha, kocha na nusu ya kijiji, akaanza kutwanga hewa. Alitwanga na jasho likatoka. Watoto walicheka, Germain akasogea. Ndipo Clotilde akamnyooshea mkono wenye saa.

"Mita mia mbili," akasema akihema. "Na miguu yangu ni hii, haikutoka hapa. Coach, mutoto hakuiba. Ye alitaka ya nyeusi. Njo miye nilichagua hii."

Germain aliigeuza saa huku na huku, akaeleza kwamba haina habari yoyote na satelaiti. Inahesabu mikono inavyorushwa, basi. Akaangalia daftari, akamwambia Hadassa akimbie kilomita mbili alizobakiza, sasa hivi, muda wake uongezwe. Hadassa akaondoka na miguu imeshapoa. Dakika zilipojumlishwa, alikuwa wa tatu, na wanaoenda ni wawili. Bibiane alikuja akamshika mkono, akamwita dada. Germain alisema atachagua tena mvua zikiisha.

Njia nzima ya kurudi Hadassa alitangulia mbele. Likasi ilipoanza kuonekana, mabega yake yakaanza kutikisika. Clotilde akadhani sasa ndiyo machozi.

"Mama," Hadassa akasema akicheka, "siku ile ya Hilaire, uliongea kilometre muzima."

Jumatatu walienda kubadilisha. Hilaire alipowaona mlangoni alianza kuvua viatu vyake vya ncha kali na kutafuta kandambili. Clotilde akamwambia akae, leo hawapimi kitu, ampe binti ile nyeusi. Hilaire akanyoosha mkono kupokea ya waridi.

Clotilde alikuwa ameshauficha mkono wake ndani ya kitenge. Alisema hiyo waiache, ana sombe nyumbani, wataelewana kuhusu bei.