Kiwiko Ubavuni

...na maji haya mbona wamejaza mpaka mdomoni, si wangetia nusu, lakini ndivyo anavyotaka mke mwenzangu, mjukuu wangu huyu, kijazwe Bibi, nusu haisemi kitu, basi nimekishika kikombe cha watu juu ya meza ya watu, chumba chao cha chuo hiki kina nyaya kila pembe kama matumbo ya kuku, na mkononi nimevaa bangili yake, inavuma vuuu kama nzi kwenye chupa, kazi yake ya mwaka mzima, ati mkono wa mzee ukitetemekea huku yenyewe inausukuma kule, unatulia, na mwalimu wake kakaa na kalamu, hacheki, "Bibi, uko tayari?", tayari tangu hujazaliwa, baba, nimemjibu, hata hapo hakucheka, na kiwiko changu kimeshaanza kwenda ubavuni chenyewe, sikukituma, kinajua njia, tangu mikono hii ianze wazimu ndivyo ninavyomimina chai mbele ya wageni, kiwiko ubavuni, dole gumba likabe, pumzi uimeze, wakwe wamekuja wameondoka hawajui kitu, na siku aliyonivisha bangili mara ya kwanza pale nyumbani nikafanya vilevile, nani angemwaga maji mbele ya mtoto aliyekonda vile, maji yakatulia tuli, akaruka, akanikumbatia, imekubali Bibi, imekubali! na mimi nikafurahi furaha yake, nikajua nimemsaidia, nikawa namsaidia hivyohivyo kila akinipima, kumbe... kumbe juzi kamvisha seremala jirani yetu, mwenye mikono kama yangu, maji yote mapajani, seremala anacheka, "binti, umenikojolesha mchana kweupe!", lakini mjukuu wangu hakucheka, karudi kakaa kizingitini na bisibisi, anaifungua, anaifunga, "kwa Bibi inakubali, kwa fundi inakataa, nimekosea wapi?", na mimi ndani nafagia sakafu niliyokwisha kuifagia, nafagia tu, najua alikokosea... sasa nikibana, atapita, halafu bangili iende kwa wazee wenzangu wasiojua kubana, na chai ni ya moto, yarabi, nikiachia, aibu, mbele ya mwalimu huyu asiyecheka, mwaka mzima chini puu, na mtoto huyu namjua, alipokuwa mdogo aliunguza sufuria akaifukia nyuma ya nyumba, kutwa nzima tunatafuta sufuria na yeye anatafuta pamoja nasi, anainama mpaka uvunguni, ndiyo tabia yake, akikosea anaficha, akibanwa anapiga kitu ukutani, bangili ya kwanza kabisa si aliibamiza ukutani, akajifungia, chakula hataki, salamu haitikii... "Mwalimu," nani huyo, ni mke mwenzangu, "kabla hatujaanza, kwa fundi seremala ilishindwa. Sijajua kwa nini. Nimeandika kwenye ripoti kama ilivyotokea," mwalimu kainua macho, "Ungeweza kuniachia nione hili la leo tu, unajua?", "Najua, mwalimu. Ila hili la leo siyo lote," eti nini? mtoto wa sufuria huyo? kasimama wima pembeni yangu, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa meza, vinatetemeka kuliko vyangu, na hajavificha, kaviweka hapohapo mezani vionekane, na mimi na mvi zangu ndiye niliyebaki na sufuria, nimeikumbatia hapa ubavuni... "Haya Bibi," ananiambia taratibu, "shika tu kama siku zote," siku zote, uwii, siku zote ndiyo ugonjwa wenyewe, mke mwenzangu, kosa unalolitafuta na bisibisi limekaa chini ya kwapa langu, ukiliona utalitengeneza, hutabamiza kitu ukutani, si wewe tena yule, hata ukilia utalia ukiwa umekaa mezani unazikaza skrubu zako, na mwalimu kashika kalamu, bangili inavuma, maji yamesimama mdomoni mwa kikombe hayajamwagika hata tone, yananingoja mimi, haya kiwiko, toka, toka ubavuni nakwambia, dole gumba lega, pumzi nje... tazama vizuri, mwanangu, mkono wa bibi yako ndio huu.