Kivinjari Nilichokiacha Wazi

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ningelisema siku ile ile, ningekaripiwa kidogo na mambo yangeisha. Sikusema.

Tulikuwa wanne katika ofisi yetu ya kupima mto, hapa New Brunswick. Mkuu wetu, mzee Alphée Gaudet, alibakiza miezi mitatu astaafu. Rhoda Pickard alichora ramani. Lucien alitunza seva, ile kompyuta kubwa iliyotufanyia hesabu. Mimi, Noëlla, nilikusanya vipimo vya theluji na barafu. Kila Aprili barafu ya mto hupasuka, nasi huwaambia watu wa kando ya mto maji yatapanda mpaka wapi.

Seva iliwekwa chini kabisa ya jengo, lakini hakuna aliyeishukia isipokuwa Lucien. Kila mtu alifungua dirisha kwenye kompyuta yake, hata akiwa nyumbani, na ndani ya dirisha hilo akaiona skrini ya seva kana kwamba ameketi mbele yake. Tuliingia wote kwa jina moja la ofisi. Lucien alikuwa na amri moja tu: humo ndani, usifungue kivinjari.

"Mtandao fungulieni kwenye mashine zenu," alikuwa akisema. "Kivinjari kina njaa ya fisi. Kitakula kumbukumbu ya seva mpaka hesabu zikose pa kukaa."

Rhoda alishaivunja amri hiyo mara mbili, akitazama mashindano ya kutelezesha mawe kwenye barafu. Alipokaripiwa alicheka. "Timu yetu ilikuwa inashinda, Lucien. Ulitaka nizime?"

Ijumaa moja nilifanya kazi nyumbani. Ramani ya theluji niliyoihitaji ilifunguka tu kutoka ndani ya mtandao wa ofisi, kwa hiyo nilifungua kivinjari kule kule kwenye seva. Hilo Lucien angelielewa. Lakini kikiwa wazi, nikaanza kutafuta kazi katika mji wa Halifax. Ukurasa ukazaa ukurasa, nyingine zina matangazo ya video yasiyokoma. Saa kumi jioni dada yangu akapiga honi nje. Nikafunika kompyuta yangu, nikatoka.

Kufunika kompyuta hakufungi chochote kule mbali. Dirisha hukatika kwako tu. Kwenye seva kila kitu huendelea kuishi bila wewe. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilisahau.

Jumatatu nilifika ofisini saa moja asubuhi, nikaingia kwenye seva. Kurasa zangu zilikuwepo zote, tangazo la magodoro bado linacheza. Kando yake palikuwa na dirisha la hesabu ya mzee Alphée, hesabu ya kupanda kwa maji inayochukua siku kumi na moja, nayo ilikuwa imefika siku ya tisa. Mstari wa mwisho ulisema imeuawa. Kumbukumbu ilijaa Jumapili, na seva, ili isizimike yote, ikaua kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Nilichofanya baada ya hapo sikukifikiria hata dakika moja: nilifunga kivinjari, nikafuta orodha ya kurasa nilizozitembelea. Mzee Alphée alikuwa amemwambia kila mtu kwamba kiti chake atanirithisha mimi. Nisingeweza kumwonyesha zile kurasa za Halifax.

Saa mbili Lucien alipanda ngazi akiwa mwekundu usoni. "Kuna mtu kaacha kivinjari wikiendi nzima. Seva imeandika. Haikuandika ni nani, maana nyinyi wote mnaingia kwa jina moja."

Macho yote yakamgeukia Rhoda.

"Mimi?" akasema huku akicheka. "Jamani, safari hii si mimi."

"Jana ilikuwa fainali," Lucien akasema.

"Niliitazama kwa mama yangu, kwenye televisheni kubwa kama mlango! Mpigie umuulize."

"Rhoda, bibi we, huu si wakati wa mzaha."

Hapo akaacha kucheka. Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu nikainama kana kwamba natafuta kalamu. Lucien akamfungia seva kwa wiki tatu.

Mzee Alphée hakumgombeza mtu. Muda wa kuanza upya haukuwepo. Barafu ilishaanza kulia usiku. Alitoa madaftari yake ya miaka thelathini, akakaa nayo siku nzima bila kula. Jumanne akawaambia wakuu wa mji watu wa barabara ya chini wahame. Nyumba thelathini na nane. Jumatano barafu ikapasuka, maji yakapanda, yakasimama mashamba mawili kabla ya nyumba ya kwanza.

Watu walikasirika. Walibeba majokofu na mbuzi, na wazee walilala kwenye vitanda vya kukunja katika ukumbi wa mpira wa magongo. Alhamisi mzee Alphée alinunua sufuria mbili za fricot, supu ya kuku na viazi, akaniomba nimsaidie kuzipeleka.

Bibi mmoja, Verna, alikuwa ameketi kitandani na koti lake. "Ndiyo nyinyi wa ile mashine? Mashine yenu imenidanganya. Mgongo wangu huu, tazama, siwezi hata kuinama nivae soksi."

Mzee Alphée akapiga magoti, akamvalisha soksi. "Mashine haikusema kitu, mama. Niliyesema ni mimi. Nisamehe."

"Basi staafu upumzike, baba," Verna akamjibu. Waliokuwa karibu wakacheka.

Nilijimwagia supu mkononi na sikuhisi moto.

Tulipoingia garini nilimwambia yote. Kivinjari, Halifax, Jumatatu asubuhi. Niliongea haraka, nikitazama kioo cha mbele. Hakuwasha gari.

"Rhoda anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Sasa kwa nini unaniambia mimi kwanza?"

Yeye nilijua atanisamehe, ndiyo maana.

"Kuhusu Halifax," akaendelea, "ungeniuliza, ningekuandikia barua. Unadhani mimi sikuwahi kutaka kuondoka hapa?" Kisha akawasha gari, tukarudi ofisini.

Rhoda alikuwa anachora ramani kwa mkono, kwa kuwa seva alifungiwa. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Ni mimi niliyeacha kivinjari wazi."

Akaendelea kuchora mstari mpaka ukaisha. "Na Jumatatu, nilipokutazama, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukainama."

"Niliinama."

"Unajua, Noëlla, mimi nacheka sana. Kwa hiyo watu wanafikiri sisikii maumivu." Akaweka penseli chini. "Mama yangu alipiga simu hapa kunitetea. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, anamwomba Lucien aniamini. Nenda kamwambie Lucien. Halafu kampigie mama yangu."

Nilimwambia Lucien, akanifungia seva na kumfungulia Rhoda, na kuanzia wiki ile kila mtu akapewa jina lake la kuingilia. Nilimpigia mama yake Rhoda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kupiga," akakata. Barabara ya chini nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikiwaambia kwamba mzee Alphée hakukosea, aliyekosea ni mimi. Wengine walinikaribisha chai. Wengine walinisikilizia mlangoni.

Hesabu ilianzishwa upya, ikaisha Aprili inakwisha. Iliweka mwisho wa maji pale pale yaliposimama. Mzee Alphée aliiangalia, akasema ilikuwa nzuri, akaichapa nakala moja na kuitia mfukoni.

Alistaafu Juni. Kiti chake alipewa Rhoda, na nadhani ilikuwa haki. Halifax sikuomba tena. Rhoda hunisalimu kila asubuhi na kunigawia kazi kwa upole. Akiwa na Lucien kwenye birika la kahawa, huangua kicheko kile kile cha zamani. Nikiingia, huendelea na hadithi yake, ila kwa sauti ya chini kidogo.