Kinyago cha Dwight Pruitt

Ludmila, mke wangu, ndiye aliyekuwa akitushonea nguo sisi marubani wa ndege za barua pale North Platte, Marekani. Suti nzito za ngozi, glavu, vinyago vya kufunika uso kwenye ndege zetu zisizo na paa, vyote vilipita mikononi mwake, na mimi nilitamba kwa hilo. Mpaka Januari ile nilipokiona kinyago kipya cha Dwight Pruitt.

Kwa ndani kilijaa manyoya ya sungura. Dwight alikuwa akikizungusha kidoleni mbele ya jiko la karakana.

"Oneni kazi ya shemeji! Nafika Cheyenne na pua yangu ninayo. Wewe unayelala na fundi, cha kwako kiko wapi?"

Mafundi wa ndege wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Changu kilikuwa ngozi tupu, kama siku aliyonipa. Njia nzima hadi Omaha sikuwaza injini wala theluji. Niliwaza vidole vya mke wangu vikimpima yule bwana kutoka sikio hadi kidevu, na wivu ukanitafuna.

Lazima niseme, kwetu rubani hakiri kwamba anaona baridi. Ukiulizwa habari za safari, unajibu "hewa safi", hata kama watu wawili wamekunyanyua kitini kwa sababu miguu imekufa ganzi.

Kesho yake nilirudi nyumbani, nikakitupa kinyago changu juu ya cherehani.

"Pruitt ulimpima uso?"

"Nilimpima. Ningeshonaje bila kupima?"

"Manyoya kwa mume wa watu, mumeo ngozi kavu!"

"Usinipandishie sauti, bwana. Dwight alisimama hapo mlangoni akaniambia, 'Shemeji, huko juu nalia kwa baridi, nisaidie.' Wewe mwaka wa tatu huu nakuuliza, unanijibu hewa safi. Hewa safi inashonwa?"

Ludmila akachukua utepe wa kupimia, akanisogelea, sauti imelegea.

"Haya, niambie mimi mkeo. Unaona baridi?"

Shavu langu la kushoto lilikuwa limekufa ganzi tangu Krismasi. Hata wembe sikuusikia. Nilitamani kumwambia, nilitamani mno. Lakini akilini nilimwona Dwight pale mlangoni, ameshatangulia kulia, na roho ikakataa kuwa wa pili.

"Mimi si Pruitt," nikasema.

Ludmila akaukunja utepe taratibu. Akavuta glavu ya rubani mwingine, akaendelea kushona.