Transfoma Aliyoisuka Mama

Transfoma ya mtaa wetu iliungua Jumanne saa nne asubuhi. Ilitoa mlio mmoja kama sufuria iliyodondoka, ikafuka moshi, basi. Mashine ya kusaga ikanyamaza, redio ya kinyozi ikanyamaza, na kufika mchana kila mtu alikuwa na maneno yale yale mdomoni: si imetengenezwa hapa hapa nchini, mlitegemea nini.

Mama yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kinachotengeneza transfoma hizo. Anasuka koili: anazungusha waya wa shaba, anaweka karatasi, anazungusha tena, kutwa nzima. Ndani ya kila koili kunabandikwa namba ya aliyeisuka. Hii ya mtaani ilikuwa na namba ya mama, na aliyejua hilo hakuna zaidi ya sisi wa nyumbani.

Jumatano alirudi hoi, akatia mikono kwenye beseni la maji ya chumvi maana ule waya unakata vidole. Akamwambia mama mdogo kwamba Ijumaa transfoma itafunguliwa. Ikionekana imesukwa vibaya, kazi hana, na transfoma nyingine arobaini ambazo shirika la umeme lilitaka kuagiza kiwandani zitaagizwa nje. Amerudia kichwani kila mzunguko, alisema, haoni alipokosea.

"Labda nilisinzia. Siku zile nilikuwa nachoka sana."

Hapo nikashindwa kuvumilia, kwa sababu mimi nilikuwa najua.

Kabla transfoma haijafungwa mtaani, shirika liligawa fomu. Kila mwenye biashara aandike mashine zake zote, ili wapime mtaa unahitaji umeme kiasi gani, walete transfoma inayotosha. Watu wazima wakanipa mimi niwajazie. Mwandiko wangu mzuri, halafu sina maneno; ukinituma natumika, ukisema uongo mbele yangu nanyamaza. Ada ya kuunganishiwa ilikwenda kwa idadi ya mashine, kwa hiyo kila mtu akapunguza. Msagishaji, tunayemwita Mjomba Pumba kwa vile hata nyusi zake zina vumbi la unga, aliniambia niandike mashine moja. Nilikuwa nimesimama katikati ya mbili. Mchomeleaji akasema andika taa mbili na pasi. Mama Samaki alikuwa na mafriza manne, tukaandika moja. Sasa mtu umemwamkia shikamoo hivi punde, unaanzaje kumwambia anadanganya? Niliandika.

Nilimweleza mama yote. Hakunipiga.

"Fomu zote ni mwandiko wako?"

"Zote."

"Nani alisema kweli?"

"Kinyozi."

"Kinyozi ana mashine gani?"

"Mbili za kunyolea. Na redio."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akafuta mikono.

Kesho yake jioni mtaa ulikutana kwa msagishaji. Mama akanishika mkono tukaenda. Nilidhani atasema yeye. Akakaa juu ya gunia, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Mjomba Pumba alitaka tuandike barua, shirika lituletee transfoma ya nje. "Sisi wazalendo," alisema, "lakini uzalendo hausagi unga." Watu wakacheka. Halafu akanipa karatasi na kalamu, kama kawaida yao, niwaandikie vizuri.

Nikaandika. Mashine za kusaga, mbili. Ya kuchomelea, moja. Mafriza, manne. Mwandiko ukatoka mbaya ajabu. Nikampa. Akaanza kusoma kwa sauti, akafika kwenye mbili, akanitazama.

Mchomeleaji akasema huyu mtoto katumwa.

"Sijamtuma," mama akasema bila kufumbua macho. "Ile transfoma niliisuka mimi. Mlitaja mashine chache, mkaletewa ndogo, mkaibebesha mzigo wa tembo."

Kinyozi, ambaye alikuwa na haki ya kuringa, akasema hata ya nje mkiidanganya itaungua tu. Mama Samaki akakohoa.

"Mafriza ni matano," akasema. "Moja liko chumbani, nimelitandika kitambaa kama meza. Andika, mwanangu."

Vicheko vikapita. Mjomba Pumba hakucheka. Aliuliza ada ya mashine ya pili atailipa nani, na siku tatu hizi hajasaga hata kibaba. Mama akamwambia aongee na shirika, alipe kidogo kidogo.

"Lakini kesho mimi nasimama mbele ya wakubwa zangu na namba yangu," akasema. "Wewe utakuwa umekaa hapa."

Mjomba Pumba akachukua kalamu, akaizungusha muda mrefu. Akatia sahihi kwenye karatasi yangu, na wengine wakafuata.

Ijumaa transfoma ikafunguliwa. Koili ilikuwa imeungua sawasawa kote, dalili ya kubebeshwa kupita uwezo, si kosa la mkono. Karatasi yetu, aliyokwenda nayo mama, ikaeleza mzigo ulitoka wapi. Kazi ya mama ikabaki. Zile arobaini bado zinajadiliwa. Mtaa utapata kubwa zaidi, na atakayeisuka ni yeye, kuanzia Jumatatu, bila msaidizi. Wiki tatu tutakaa gizani. Kuna majirani hawatusalimii.

Jumamosi asubuhi mama alitoka kupeleka shirikani fomu mpya nilizowajazia majirani. Aliporudi, ndiyo kwanza amevua viatu, mchomeleaji akabisha hodi. Hakuniangalia. Akasema nilete kalamu, kuna mashine nyingine iko nyuma ya banda, aliisahau.

Mama akamtazama, akatazama na viatu.

"Muulize vizuri kama ni moja," akaniambia, akaanza kuvivaa tena.