Kutoka Mkononi Hadi Kichwani

Keyur alianza kulalamikia mkono akiwa dukani. Alisema vidole vinamchonyota kama vimepakwa pilipili, akawa anavisugua kwenye suruali huku akimpimia mteja kitambaa cha pazia. Zamzam, aliyefanya kazi katika duka lile la Kariakoo tangu enzi za marehemu baba yake Keyur, alimwambia aende hospitali.

"Uchovu tu, Zamzam," Keyur alisema. "Wiki nzima nakata vitambaa."

Kesho yake akapata homa. Asubuhi iliyofuata, nyumbani Upanga, mama yake, Champaben, alimpelekea chai ya maziwa kitandani. Keyur aliinua kikombe, koo likakaza, mwili mzima ukaruka, na kikombe kikapasuka sakafuni. Mama akamletea maji. Keyur alipoiona glasi tu, aligeukia ukutani akihema.

Dada yake, Darshana, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, yuko njiani kwenda shule alikofundisha baiolojia. Alizima feni ya darini. Mabega ya mdogo wake yakalegea. Akaiwasha tena, taratibu kabisa, na Keyur akajishika koo kwa mikono miwili. Akaizima.

"Keyur, umewahi kuumwa na mbwa?"

"Mbwa?" Alifikiri kwanza. "Yule mtoto wa mbwa wa nyuma ya duka. Zamani hiyo! Nilikuwa nampa chapati, jino likanikwaruza kidole. Nikanawa bombani, nikapaka spiriti."

"Ulichomwa sindano?"

"Kwa mkwaruzo ule? Hata damu haikutoka vizuri. Zamzam alinisumbua sana niende, nikamwambia huyu mbwa namlisha mwenyewe."

"Na mbwa yuko wapi?"

"Sijui. Alipotea."

Darshana aliketi ukingoni mwa kitanda. Mama alikuwa akiokota vipande vya kikombe.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Tunaenda hospitali, Ba," Darshana alijibu. Ndivyo walivyomwita mama yao tangu utotoni.

Daktari Ansbert alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa Kilimanjaro. Alimpima Keyur, akamsikiliza, kisha akamwomba Darshana watoke waende koridoni.

"Mwalimu, nadhani wewe unajua."

"Najua. Nilikuwa naomba uniambie nimekosea."

Daktari alitazama chini. "Natamani ningeweza."

Darshana alimtajia dawa alizowahi kusoma. Alimtajia Nairobi, akamtajia India, akasema ndugu wa familia wangeweza kumpatia ndege leo hii. Daktari alimwacha amalize.

"Huko nako watamfanyia hiki tutakachofanya hapa. Tutampa dawa ya kumtuliza, asiteseke. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, dada yangu, hatuna kingine."

Mchana Keyur alitulia, akili yake ikawa safi kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Darshana kuliko yote. Walikuwa wamefunga madirisha ili upepo usimguse.

"Dada, niambie kama unavyowaambia wanafunzi wako. Mwaka ule niliugua dengue hadi nikadhani nakufa, lakini nilipona. Hii ya mbwa inanishindaje?"

Alitaka kumdanganya. Lakini Keyur alikuwa akimkazia macho.

"Kirusi hakiwezi kuzaana chenyewe," alianza. "Lazima kiingie kwenye seli hai, kiifanye itengeneze nakala zake. Virusi vya dengue vinaingia kwenye chembe za damu na kuzaana kwa vurugu. Mwili unaviona, unapandisha homa, unapigana. Ndiyo maana uliugua haraka, na ndiyo maana ulipona."

"Na hiki?"

"Hiki kinaingia kwenye mshipa wa fahamu, pale pale ulipokwaruzwa. Hakiui seli, kinaiacha nzima ili kipite. Mwili haustuki. Kinapanda polepole mpaka kwenye ubongo, na huko ndiko kinakozaana sana. Kisha kinashuka kwenye mate."

"Ukimwi nao si unajificha? Na watu wanaishi nao miaka."

"Ule unajiandika ndani ya seli za kinga, lakini tuna dawa za kuuzuia usizaane. Kwa hiki, tunachoweza ni kuuzoesha mwili kwa chanjo ukitambue kabla hakijafika juu."

"Kwa hiyo wakati nauza vitambaa, chenyewe kilikuwa kinatembea."

"Ndiyo."

"Na kimefika."

Darshana alimshika mkono, glovu ikiwa katikati yao.

Jioni Champaben alikuja na kichupa cha maji ya Ganga, mto mtakatifu, yaliyoletwa kutoka India na kutunzwa miaka mingi kwenye kabati la miungu. Katika familia yao hakuna aliyeondoka duniani bila kutiwa tone lake mdomoni. Keyur alikiona kichupa. Koo likakaza, mgongo ukajikunja, povu likamtoka, na manesi wakaja mbio.

"Ni tone moja tu," mama alisema. "Tone moja, mwanangu."

"Ba, hawezi. Si kwamba hataki."

Mama alirudi nyuma mpaka ukutani. Dawa ilipomlaza Keyur, alilowesha ncha ya kidole, akampaka kwenye nyayo, maana huko asingeyaona. Keyur hakuamka tena akiwa na akili zake. Alifariki siku ya pili yake, kukiwa kunapambazuka.

Baada ya familia kuichoma moto maiti kwa desturi yao, Daktari Ansbert aliwaita wote ambao huenda waligusa mate ya Keyur, wachanjwe. Zamzam alifika akiwa amevaa baibui jeusi. Alimwamkia Champaben, "Shikamoo, mama," akaketi pembeni yake. Darshana alichomwa sindano wa kwanza.

Champaben alipofikiwa alisogeza ukingo wa sari begani na kunyoosha mkono. Nesi alisafisha ngozi kwa pamba, akachoma, akachomoa. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua.

"Ndiyo hii?" Champaben alimuuliza binti yake. "Ndiyo angechomwa yeye?"

"Ndiyo, Ba. Na nyingine chache kama hii."

Mama aliutazama mkono wake. Kidoa cha damu kilikuwa kidogo kuliko punje ya uwatu.

"Hata haiumi," alisema.