Goti la Mke wa Seremala

Mke wa seremala alikaa juu ya rundo la mbao, gauni amelivuta mpaka chini, akiliomba goti lake la mti lisilie. Lilikuwa na tabia hiyo. Ukilikunja tu, tik, kama mtu anayesonya, ndiyo maana majirani walimwita Mama Tiki. Leo polisi wakilisikia, kwisha habari yake.

Polisi walikuwa wawili, wakiitia guniani miguu ya bandia aliyoichonga mumewe. Aliyewaleta ni bwana mmoja wa suti, yule yule aliyekuja mwaka jana akijiita mfadhili. Alikunywa chai humu humu karakanani, akasifu mpaka akakaukiwa mate, akapiga picha goti likikunjwa, likinyooshwa, likifunguliwa skrubu moja moja. "Fundi, pesa za kiwanda zinakuja," alisema. Kilichokuja ni gari la polisi na cheti cha hataza: goti limesajiliwa, lina mwenyewe, na mwenyewe ni kampuni ya bwana.

"Lakini nimelibuni mimi, mheshimiwa." Sauti ya seremala ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyekojoa kitandani.

"Ulisajili?"

"Nilikuonyesha wewe."

"Kunionyesha mimi ndiyo kusajili? Ukichonga mguu mwingine, jela. Ukibisha, tunaondoka wote sasa hivi."

Seremala akasogea kando, akawapisha polisi. Mkewe hakuwahi kumwona akikubali upesi hivyo. Hata siku ya posa alibishana na baba mkwe.

Hofu nayo haina adabu, ilimtaka mama wa watu aende chooni, na choo kiko nyuma ya ua. Kabla ya goti hili alikuwa akienda kwa kutambaa, anangoja giza liingie ili watoto wa jirani wasimwone. Akabana.

Bwana alitoa simu, akatazama picha, akatazama gunia.

"Mguu wa mikanda myekundu haumo."

"Uliungua, mheshimiwa," seremala alisema, haraka mno.

"Pole." Bwana aliikuza picha kwa vidole viwili, kisha akageuka kwenye rundo la mbao. "Shemeji! Mbona leo hunikaribishi? Mwaka jana ulitembea mbele yangu hapa kwa madaha kama bibi harusi. Simama basi tusalimiane."

"Miguu inauma, baba."

"Yote miwili?"

Polisi mmoja alicheka. Bwana hakucheka, alimwonyesha kidole yule mwingine, kijana, asogee.

Kijana alichuchumaa mbele ya Mama Tiki. Kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Nimeambiwa niuchukue."

Mama akamtafuta mumewe kwa macho. Mumewe alikuwa akizitazama mbao, kwa makini, kama mteja anayechagua.

Mikanda ilimshinda kijana. Alivuta huku, akavuta kule, ngozi ya paja ikabanwa katikati, na mama akauma mdomo asipige kelele, maana akipiga kelele watamchukua na mume.

"Fanya haraka, tuna safari!" bwana aliita kutoka mlangoni.

"Anza na wa chini, mwanangu," mama alinong'ona. "Ukianza na wa juu utanichuna."

Akamshikia pindo la gauni, apate kuona vizuri.